Filme ya Zamani Usiitupe: Mwanga na Kioo Vinavyorudisha Sura



Mama mmoja wa kikundi chetu alikimbia vita upande wa Beni bila kubeba foto hata moja. Baadaye ndugu yake alimletea bahasha iliyookolewa nyumbani. Ndani mlikuwa na kipande kimoja cha filme ya zamani, upana wa sentimeta 6. Alipokiinua dirishani aliona umbo la mama yake marehemu: blauzi nyeupe imekuwa nyeusi, nywele nyeusi zimekuwa nyeupe. Ndivyo filme ilivyo, kila kitu kimegeuzwa.

Tulimpeleka kwa fundi mzee ambaye bado anatunza karatasi za foto na dawa zake. Katika chumba cha giza, chenye taa nyekundu tu, aliweka filme juu ya karatasi, akawasha ampule sekunde chache, kisha akaitia karatasi katika dawa. Sura ilitokea, lakini na ukungu. Macho hayakuonekana. Mama alinyamaza.

Fundi alitueleza kwamba filme ilikuwa nzima. Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, filme ilikuwa imejikunja, haikulala vizuri juu ya karatasi. La pili, ampule ilikuwa kubwa, nyeupe kama maziwa, tena karibu mno. Mwanga wake ulitoka pande nyingi, ukapenya chini ya filme na kufuta mipaka ya picha.

Alirudia. Upande wa filme usiong'aa aliulaza juu ya uso wa karatasi unaong'aa, akavikandamiza kwa kioo kizito kisafi. Akachukua ampule ndogo isiyo na rangi, akaipandisha juu. Karatasi yenyewe alichagua iliyo laini, kwa maana yenye mikwaruzo hupoteza alama ndogondogo. Safari hii hata kovu dogo juu ya jicho lilionekana. Mama alilia, nasi tukalia naye.

Jaribuni nyumbani na watoto, jioni. Washeni tochi ya simu, wekeni mkono mbele ya ukuta: kivuli kina mipaka mikali. Sasa shikeni karatasi nyeupe kati ya tochi na mkono. Mwanga unatawanyika, na kivuli kinayeyuka. Sogezeni mkono hadi uguse ukuta: mipaka inarudi. Somo lote ni hilo. Mwanga mdogo wa mbali, na vitu vilivyobanana, hutoa picha kali.

Hata jua hufanya kazi hiyo, kwa sababu kwa macho yetu ni duara dogo angani. Siku ya mawingu mwanga hutoka mbingu nzima, na vivuli hupotea. Mwanamke wa Uingereza, Anna Atkins, alibana mimea ya baharini chini ya kioo juu ya karatasi yenye dawa, akaiweka juani. Mwaka 1843 alianza kutoa kitabu cha picha hizo za buluu, na hadi leo kila uzi wa mmea unaonekana.

Basi mama, kabla ya kuchoma takataka za kabati, angalieni bahasha za zamani. Filme ishikeni pembeni, msiiguse katikati. Ihifadhini katika karatasi safi, mahali pakavu. Siku ya kukimbia, bahasha ndogo haina uzito, lakini inaweza kubeba uso wa mama.