Kupunguza Uzito wa Uzazi Huku Ukinyonyesha: Kwa Kina Mama wa Plymouth na Vitongoji Vyake



Safari hii tunazungumzia swali linaloulizwa karibu kila penye sherehe ya mtoto, mara nyingi kwa sauti ya chini jikoni: "Huu uzito nitautoaje, na mtoto bado ananyonya?" Anayeuliza ana mtoto wa miezi miwili au mitatu, nguo za zamani hazimwingii, na kazini wanamsubiri. Akipiga simu nyumbani, mama yake anamwambia ale, anywe uji, kwani mzazi akikonda watu watasema hakutunzwa. Akikata simu na kufungua picha, anawaona mastaa waliojifungua juzi tu na tumbo limeshakuwa bapa. Basi anaruka chakula cha mchana, ananunua chai ya kupunguza tumbo kwa rafiki, na baada ya siku chache anashangaa mtoto halali na matiti hayajai tena.

Jibu kwa ufupi ni kwamba unaweza kupunguza uzito huku ukinyonyesha bila kumdhuru mtoto. Lakini ni taratibu, kama nusu kilo kwa wiki (paundi moja ya hapa Marekani), na usianze kupunguza chakula kabla maziwa hayajatulia, yaani si kabla ya wiki 6 hadi 8. Kwa hiyo ile arobaini ya bibi zetu ilikuwa na maana yake. Siku arobaini ni za kupona na kujaza maziwa, siyo za kupanda kwenye mizani.

Uzito huo umetoka wapi?

Miongozo ya uzazi ya Marekani ya mwaka 2009 inasema mwanamke aliyekuwa na uzito wa kawaida kabla ya mimba anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16. Aliyekuwa mnene tayari anatakiwa kuongezeka pungufu ya hapo. Siku ya kujifungua zinaondoka kama kilo 5 au 6, ambazo ni mtoto mwenyewe, kondo la nyuma, maji na damu. Wiki zinazofuata unatokwa jasho usiku na kwenda haja ndogo mara nyingi. Hayo ni maji yaliyokuwa yamejaa mwilini, nayo yanaondoka yenyewe. Kinachobaki baada ya hapo kwa kiasi kikubwa ni mafuta, na mwili haukuyaweka kwa bahati mbaya. Ni akiba ya kutengenezea maziwa.

Mama anayenyonyesha anahitaji kalori 330 hadi 400 zaidi kwa siku kuliko alizokuwa akila kabla ya mimba. Maziwa yenyewe yanagharimu zaidi ya hapo, na tofauti ndiyo mwili unaichota kwenye ile akiba. Ndiyo maana watu husema kunyonyesha kunapunguza mwili. Ni kweli, ila si kwa kila mtu, kwa sababu kunyonyesha kunaleta pia njaa kali, hasa saa tisa za usiku ukiwa macho peke yako na kuna mandazi mezani.

Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa North Carolina kwa kina mama 40 wanene waliokuwa wakinyonyesha bila kuchanganya na maziwa ya kopo. Nusu yao, kuanzia mtoto alipokuwa na wiki 4, walipunguza kalori 500 kwa siku na kufanya mazoezi dakika 45, siku 4 kwa wiki. Baada ya wiki 10 walikuwa wamepungua kilo 4.8 kwa wastani, na wale wengine kilo 0.8. Watoto wa pande zote mbili walikua sawasawa. Kumbuka kwamba kina mama wale walikuwa na akiba ya kutosha na walikuwa wakifuatiliwa na wataalamu. Nawe ukitaka kuanza mapema hivyo, fanya hivyo na daktari wako. Na usishuke chini ya kalori 1,800 kwa siku bila ushauri wake, maana hapo ndipo uchovu na kupungua kwa maziwa vinapoanza.

Kalori 500 ziko wapi kwenye chakula chetu?

Watu wengi wakisikia "kupunguza kalori" wanaanza na ugali. Mimi naomba muanze na birika la chai.

Hebu tuhesabu pamoja. Kijiko kidogo cha sukari kina kalori 16. Mama mzazi akinywa vikombe 5 vya chai ya maziwa kwa siku, kila kimoja vijiko 3, hiyo ni kalori 240 za sukari tupu, bado hatujahesabu maziwa. Ongeza kopo moja la soda, kalori 140. Jumla 380. Yaani chai na soda peke yake zimekula nafasi yote ambayo mwili ulikuwa umeitenga kwa ajili ya kunyonyesha, na bado hujala kitu chenye protini wala madini. Punguza hadi kijiko kimoja kwa kikombe, acha soda, na umeshafika zaidi ya nusu ya kalori 500 bila kukaa na njaa hata dakika moja.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba chai nyingi ndiyo inayoleta maziwa. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara na titi kumalizika. Maji unahitaji, weka glasi karibu kila unaponyonyesha na unywe hadi kiu iishe, lakini kunywa kupita kiu hakuongezi maziwa. Halafu chai na kahawa zina kafeini. Kahawa vikombe viwili au vitatu kwa siku inatosha.

Uji wa ulezi usiuache. Ni chakula kizuri, una madini ya chuma na kalisi, na unashibisha. Tatizo ni yale tunayouongezea: sukari, siagi, maziwa ya kopo, karanga za kusaga, vyote ndani ya kikombe kimoja. Chagua kimoja. Uji wa pilipili manga wa watu wa pwani nao hauna ubaya ukiwa na sukari kidogo. Supu ya kuku, ondoa mafuta yanayoelea juu. Maharage, njahi, dengu, mayai na samaki ule bila woga. Sato, ambaye hapa anauzwa kwa jina la tilapia, ana zebaki kidogo na anafaa kwa mama anayenyonyesha. Samaki wakubwa wanaovuliwa kwenye maziwa ya Minnesota soma kwanza mwongozo wa idara ya afya ya jimbo, maana baadhi wana zebaki nyingi. Sukuma wiki ipo Cub mwaka mzima, na mchicha wa kugandishwa ni bei nafuu na hauna hasara yoyote ya maana. Chapati weka siku moja au mbili za wiki. Ugali, kipande cha ukubwa wa ngumi, na mboga ijaze nusu ya sahani.

Na usiruke mlo. Ukiruka mchana, usiku utalipa na riba.

Kina mama Waislamu wanauliza kuhusu Ramadhani. Dini yenyewe imempa ruhusa anayenyonyesha akihofia afya yake au ya mtoto, kwa hiyo zungumza na daktari na shekhe wako kabla mwezi haujaingia. Ila usiitumie saumu kama njia ya kupunguza uzito.

Mkaja, chai za kupunguza tumbo na sindano

Kukandwa maji ya moto na kufungwa mkaja ni mila tulizokuja nazo. Mkaja unasaidia kushikilia mgongo na tumbo, na waliojifungua kwa upasuaji wengi husema maumivu yanapungua wakitembea. Lakini hauyeyushi mafuta. Ukifungwa kwa nguvu sana unasukuma uzito chini kwenye misuli inayoshikilia kibofu na kizazi, na mkojo unaanza kutoka ukicheka. Kwenye kukanda, angalia maji yasikuunguze, na usikandwe juu ya kidonda cha upasuaji. Kama tumbo linatokeza katikati kama mgongo wa samaki ukijiinua kitandani, huenda misuli imeachana. Mwombe daktari akupeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla hujaanza mazoezi ya tumbo ya kwenye video.

Chai za "kusafisha tumbo" nyingi zina sanamaki ndani, jani lile lile ambalo bibi alitupa tukifunga choo. Unaharisha, mizani inashuka kwa sababu ya maji, kesho inarudi. Vidonge vya kupunguza mwili ni vibaya zaidi. Hapa Marekani bidhaa hizi haziidhinishwi na serikali kabla ya kuuzwa, na mara nyingi FDA imekuta ndani yake dawa iliyofichwa iitwayo sibutramine, ambayo iliondolewa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Chochote kisichoandikwa kilicho ndani, mama anayenyonyesha asikiguse.

Siku hizi kuna sindano za Ozempic na Wegovy. Ni dawa za kweli na zinafanya kazi, lakini usalama wake kwa mtoto anayenyonya haujathibitishwa vya kutosha, na zinakata hamu ya chakula wakati ambao wewe unatakiwa ule. Rybelsus, ambayo ni dawa hiyo hiyo kwa kidonge, maelezo yake yanasema wazi haipendekezwi wakati wa kunyonyesha. Usipokee sindano ya dada au jirani yako, hata kama mnapendana.

Kutembea, hata Januari

Aliyejifungua kawaida bila matatizo anaweza kuanza kutembea taratibu siku chache baadaye. Aliyepasuliwa asubiri daktari amwambie. Lengo la baadaye ni dakika 150 kwa wiki, na unaweza kuzigawa dakika 10 kumi. Maziwa hayachachi kwa sababu ya mazoezi, huo ni uvumi tu. Nyonyesha kwanza ili matiti yasiwe mazito, vaa sidiria inayoshika, kisha toka.

Kuanzia Mei hadi Oktoba hatuna kisingizio. French Regional Park iko kando ya Medicine Lake, na njia ya Luce Line, iliyojengwa mahali palipopita reli ya zamani, inaanzia hapa hapa Plymouth kwenda magharibi, tambarare kabisa kwa kigari cha mtoto. Baridi ikija, usitembee juu ya barafu ukiwa umembeba mtoto kwa kanga. Nenda Ridgedale, ni karibu, kuna joto na sakafu kavu. Acha pochi ya pesa kwenye gari kama unajijua!

Usingizi nao ni sehemu ya uzito. Utafiti wa Massachusetts uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kina mama waliolala saa 5 au pungufu, mtoto akiwa na miezi 6, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki na kilo 5 au zaidi baada ya mwaka. Kwa wanaofanya shifti ya usiku kwenye nyumba za wazee hili ni gumu, najua. Kina baba mnaosoma: saa mbili za kumshika mtoto asubuhi mama akirudi kazini zinasaidia kuliko kumwambia ameongezeka. Na kazini usiruke kukamua. Sheria ya Minnesota inamtaka mwajiri akupe muda na mahali pa faragha pasipo choo, wala haruhusiwi kukukata mshahara kwa muda huo.

Utajuaje kwamba umezidisha?

Mwangalie mtoto kabla ya mizani yako. Baada ya siku 5 za kwanza anatakiwa alowanishe nepi 6 au zaidi kwa siku, na kliniki waone anaongezeka uzito. Nepi zikipungua, au wewe ukipungua zaidi ya kilo moja kwa wiki, ukapata kizunguzungu, nywele zikitoka kwa mafungu, rudisha chakula mara moja na umpigie daktari. Mtoto anayenyonya apewe pia matone ya vitamini D, yuniti 400 kila siku, na hasa sisi wenye ngozi nyeusi kwenye baridi ndefu hii tusiyasahau.

Kuna kupungua kusikotokana na chakula. Takriban mama 5 katika kila 100 hupata uvimbe wa tezi ya thairoidi shingoni katika mwaka wa kwanza. Wanakonda haraka, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, na ndugu wanawapongeza kwamba wamependeza! Baadaye mambo yanageuka, wananenepa na kuchoka bila sababu. Kipimo cha damu kinaonyesha, kiombe kwa jina.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba, au damu kulowanisha pedi kwa saa moja: hayo usiyangojee miadi, piga 911. Na ukiona chakula hakipiti kwa huzuni, au unajichukia kila ukijitazama kwenye kioo, kuna simu ya bure ya kina mama, 1-833-852-6262, usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Wenye kipato kidogo waulize WIC ya Hennepin County. Mama anayenyonyesha bila kopo anapata chakula kingi zaidi kuliko asiyenyonyesha, na anaweza kuendelea hadi mtoto afikishe mwaka. Wana pia washauri wa kunyonyesha, na huna haja ya kuwa na tatizo ndipo uwaone.