Jicho jekundu Makambako, na kazi ya ARV ndani yake

Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na ile kuu ya Dar es Salaam–Tunduma, reli ya TAZARA inapita, na malori hulala kungoja asubuhi. Mtu akiamka na jicho jekundu, sababu zipo tele: vumbi, moshi wa kuni, usingizi wa mang'amung'amu. Hununua dawa ya matone dukani na kuendelea na shughuli zake, na mara nyingi hupona. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta kwamba mkoani Njombe asilimia 12.7 ya wenye umri wa miaka 15 na zaidi wana VVU, wakati kiwango cha nchi nzima ni asilimia 4.4. Katika mkoa wa namna hiyo, jicho linalokataa kupona halipaswi kuishia duka la dawa.

Utafiti huohuo ulionyesha kuwa kati ya kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU nchini, wanaojua hali zao ni karibu 83. Waliobaki hungoja mwili uwaambie, na wengine huambiwa na macho.

Chukua mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga hujificha kwenye neva tangu utotoni, na kinga ikidhoofika huamka. Vikiamkia usoni, malengelenge hutanda upande mmoja wa paji la uso. Daktari mzoefu hutazama ncha ya pua: malengelenge yakifika hapo, hatari ya jicho kuguswa huongezeka, kwa sababu neva inayofika kwenye ngozi hiyo hufika pia ndani ya jicho. Dawa ya asikilovia husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Kijana anayepatwa na mkanda wa jeshi usoni apime VVU siku hiyohiyo.

Ugonjwa unaopofusha kimyakimya uko nyuma zaidi, kwenye retina. Kirusi cha saitomegalo, ambacho watu wengi wanacho bila kudhurika, huishambulia retina pale chembe za kinga za CD4 zinaposhuka chini ya 50 kwa kila mikrolita ya damu. Kwa mtu mwenye afya huwa 500 au zaidi. Hakuna maumivu. Mgonjwa huona vidoa vinavyoelea au kivuli pembeni, na sehemu ya retina iliyokwisha kufa hairudi. Marekani, kabla ya 1996, ugonjwa huu uliwapata karibu theluthi moja ya wagonjwa wa UKIMWI. Mchanganyiko wa ARV ulipoanza kutumika mwaka huo, wagonjwa wapya walipungua kwa zaidi ya robo tatu. Dawa za kupambana na kirusi hicho zilikuwapo tangu awali. Kilichogeuza hali ni kinga iliyorudi mwilini.

Ndiyo maana uamuzi wa Tanzania wa mwaka 2016, kwamba kila anayekutwa na VVU aanze dawa bila kungoja CD4 zishuke, ni uamuzi wa macho pia, ingawa haukutangazwa hivyo.

Kuna jambo linalowachanganya wagonjwa, na linafaa kuelezwa mapema katika CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Kinga inaporejea kwa nguvu katika miezi ya mwanzo, inaweza kuvamia mabaki ya maambukizi yaliyokuwa yametulia ndani ya jicho. Jicho huvimba ndani, uoni hufifia, na mgonjwa huilaumu ARV na kutaka kuiacha. Asiiache. Daktari wa macho hutuliza uvimbe kwa dawa nyingine huku kidonge cha kila siku kikiendelea. Mwenye kifua kikuu naye aseme mapema akianza kuchanganya rangi nyekundu na kijani: mara nyingine chanzo ni ethambutol, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, ambayo inaweza kuudhuru mshipa wa fahamu wa jicho.

Lipo pia eneo ambalo ARV peke yake haitoshi, nalo ni saratani ya utando unaofunika weupe wa jicho. Madaktari wa Kigali na Kampala waliihusisha na VVU katika miaka ya 1990, walipoanza kuiona kwa vijana. Kirusi cha papiloma na mionzi ya jua hutajwa pamoja nayo. Baridi ya Njombe isimdanganye mtu: mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Mchumaji wa chai na mkulima wa viazi hushinda chini yake, na kofia pana ni kinga ya kweli.

Saratani hii huanza kama kinyama kidogo kando ya mboni, kinachofanana na vinyama vingine visivyo na madhara, hivyo hupuuzwa hadi kikue. Hukatwa, na tatizo ni kwamba hurudi. Nchini Kenya, jaribio lililoongozwa na Dkt. Stephen Gichuhi na kuchapishwa mwaka 2016 liliwapa baadhi ya wagonjwa matone ya fluorourasili baada ya upasuaji. Ndani ya mwaka mmoja saratani ilirudi kwa asilimia 11 ya waliopewa matone hayo, na kwa asilimia 36 ya waliopewa matone yasiyo na dawa. Matone hayo huamriwa na daktari wa macho, baada ya kinyama kukatwa na kupimwa maabara.