Shokapu Haibebi Gari

"Mwangaluka, fundi. Nataka uninyanyulie hili gari inchi mbili, halafu unifungie springi ngumu." Nimeyasikia maneno haya mara nyingi hadi siku hizi namtambua mteja kabla hajashuka. Gari ni Carina Ti au Corolla ya miaka ya 1990, nyuma limekaa chini kama kuku anayeatamia, na njia yake ni ya Kakola, Nyarugusu au Katoro. Likifika spidi ya themanini, anasema, halitulii.

Madereva wa kanda hii ya Shinyanga wakisema gari limetulia wanamaanisha jambo la kweli kabisa ambalo wahandisi hulieleza kwa kurasa nyingi. Tairi hugusa barabara kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja. Kwa hiyo gari zima, pamoja na abiria na magunia yao, hukata kona na kusimama kwa viganja vinne tu vya mpira. Kazi ya springi, shokapu, amu na bushi zake ni kuvibakiza viganja hivyo chini.

Lawama nyingi huangukia shokapu kwa kosa lisilo lake. Gari likilala nyuma, mwenye gari husema shokapu imekufa, ananunua mpya, inafungwa, na gari linabaki limelala vilevile. Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kubonyea. Ukitaka kuona tofauti, kandamiza boneti kwa nguvu kwenye kona yake moja kisha uachie. Kona ikipanda na kutulia, shokapu bado ina uhai. Ikinesa mara mbili tatu, imechoka hata kama haivuji mafuta. Tairi lililolika kwa mapengo mapengo nalo ni shahidi mzuri.

Kwetu shokapu ina mitihani miwili, na sababu iko ardhini. Sehemu kubwa ya Shinyanga ina udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Lami iliyolala juu yake huishia kuwa na mawimbi marefu ambayo jicho halioni lakini tumbo linayasikia. Chukua wimbi lenye urefu wa mita 20. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukutana nalo mara moja na kidogo kila sekunde, na hiyo ndiyo kasi ambayo bodi la gari dogo hupenda kunesa lenyewe likiwa juu ya springi zake. Wimbi na springi zikikubaliana hivyo, huku shokapu imechoka, unaendesha mtumbwi. Ukiwa njia ya Tinde hadi Kahama, lori la mzigo wa Rusumo likija mbele yako, hapo si mahali pa kuwa ndani ya mtumbwi.

Mtihani wa pili ni vile vimatuta vya barabara ya changarawe, vinavyofuatana kwa umbali wa kama sentimita 80. Kwa kilomita 40 kwa saa, gurudumu hupigwa karibu mara 14 kwa sekunde. Gurudumu nalo, likiwa limebanwa kati ya springi na upepo wa tairi, lina mdundo wake wa asili, na kwa magari haya ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Ndiyo maana spidi ya arobaini hutetemesha hadi meno. Madereva wa michomoko, yale magari madogo ya abiria, waligundua zamani kwamba ukikanyaga hadi themanini gari linanyamaza. Ni kweli, linanyamaza, kwa sababu gurudumu haliwahi tena kushuka katika kila bonde na linarukia kilele hadi kilele. Ila tairi linaloruka halishiki kitu. Kona ikitokea, au ng'ombe wakivuka, dereva anakanyaga breki za gari ambalo nusu ya muda haliko barabarani.

Hapo ndipo shokapu nzuri hurudisha hela yake. Inaugeuza mchezo wa gurudumu kuwa joto, na joto hilo huingia kwenye mafuta yaliyo ndani yake. Baada ya saa nzima ya vimatuta, mafuta ya shokapu ya kawaida huchanganyika na hewa, hutoa povu, na povu halizuii kitu. Shokapu ya gesi ina naitrojeni yenye mgandamizo inayozuia povu hilo. Zipo za mrija mmoja, ambazo hupoa haraka zaidi, lakini jiwe likiubonyeza mrija huo pistoni hukwama. Kwa barabara zetu nachagua za gesi zenye mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Na zibadilishwe kwa jozi. Shokapu mpya kushoto na mzee kulia hufanya gari livute upande kila likigonga shimo.

Springi ngumu ni balaa la aina yake. Waya wa springi ukitoka milimita 12 kwenda 13, bila kubadilisha kingine, ugumu hupanda kwa zaidi ya theluthi, maana unene wa waya huhesabiwa kwa kuzidishwa wenyewe mara nne. Kwa macho tofauti haionekani, na fundi atakwambia "inafanana." Shokapu iliyozoea springi laini haiwezi kuituliza hiyo mpya, na gari tupu litaruka kila kokoto. Ikiwa kweli unabeba watu watano na mizigo kila siku, springi za nyuma zenye ugumu wa ziada kidogo, pamoja na shokapu zinazolingana nazo, zina maana. Springi ya zamani kuivuta kwa moto wa gesi ili iwe ndefu ni kuiua, maana chuma hupoteza ugumu kiliopewa kiwandani.

Na kunyanyua? Mbele ya Carina Ti kuna mpangilio wa shokapu na springi kwa pamoja uliobuniwa na mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, na kupata umaarufu kupitia Ford Consul ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni rahisi, na ndiyo maana umeenea duniani, lakini hauvumilii kuchezewa. Ukiweka spesa ya inchi mbili, amu inainama, tairodi inabaki na pembe isiyolingana nayo, na gurudumu likipanda tuta linajikata lenyewe bila wewe kugusa usukani. Sivi jointi nazo hufanya kazi zikiwa zimepinda, na mpira wake hauchelewi kuchanika. Mark II GX110, yenye amu mbili juu na chini kwa kila gurudumu, ina mpangilio bora, lakini bushi zake ni nyingi na zote hudai hela. Kwa kunyanyua, mimi huishia sentimita mbili na nusu. Anayeogopa mawe namshauri afunge bati zito la kukinga sampu.

Mteja wangu mmoja wa njia ya Katoro, aliyetaka hizo inchi mbili, hakufurahi kusikia hayo. Nilimfungia bushi zote za amu za mbele, boljointi mbili, stebilaiza lenki, na shokapu nne. Springi za mbele zilibaki zake. Za nyuma nilibadilisha kwa mpya za saizi ya kiwandani.

Bushi zina siri moja ndogo inayopuuzwa karibu kila gereji. Fundi huzifunga gari likiwa juu ya jeki, amu zimening'inia, na anakaza bolti hapohapo. Gari likishushwa, amu inapanda na mpira wa bushi unabaki umejinyonga siku zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Bushi mpya inachanika mapema, na anayelaumiwa ni Mchina. Bolti za bushi ziachwe zimelegea kidogo, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Simama hapo uangalie. Ni haki yako. Baada ya hapo ndiyo alaimenti, kabla hujalipeleka gari safari.

Nilipima upepo wa tairi pia. Alikuwa amejaza hadi psi 48, eti kwa ajili ya mzigo. Nikashusha hadi namba zilizoandikwa kwenye karatasi iliyo kando ya mlango wa dereva, ambayo hakuwahi kuisoma.

Wiki mbili baadaye alinipigia akiwa njiani. "Fundi, kuna mlango wa nyuma unagonga." Ulikuwa unagonga tangu zamani, nikamwambia, ila huko nyuma usingeweza kuusikia.