Sumu ambayo moto wa jikoni hauiwezi

Mwaka 2016 vituo vya afya katika mikoa ya Dodoma na Manyara vilianza kupokea wagonjwa wenye dalili zinazofanana: kutapika, kuharisha, tumbo kujaa maji, macho kuwa ya njano. Mlipuko ulipokwisha walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walikuwa wamefariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba hawakuugua kwa kirusi wala bakteria. Ini lao lilishindwa kazi kwa sababu ya mahindi waliyokula, mahindi yenye sumukuvu.

Kenya ilikuwa imeonja msiba huo kabla, na kwa ukali zaidi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika eneo la Ukambani na jirani zake, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Mahindi mengine yaliyopimwa yalikuwa na takriban mikrogramu 4,400 za sumu katika kila kilo, wakati kiwango cha juu kilichoruhusiwa nchini humo kilikuwa 20. Siku hizi Jumuiya ya Afrika Mashariki imekishusha kiwango hicho hadi mikrogramu 10 kwa kilo.

Sumu hii, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus pamoja na jamaa zake wa karibu. Ilianza kujulikana mwaka 1960, pale zaidi ya batamzinga laki moja walipokufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Kuvu yenyewe huishi udongoni kwa kula mabaki ya mimea. Mahindi au karanga zikipigwa na jua kali na ukame shambani, au punje zikitobolewa na wadudu, kuvu hupata njia ya kuingia. Kisha mavuno yakiwekwa ghalani kabla hayajakauka, huendelea kukua humo humo.

Mama mmoja akiona mahindi yameota ukungu kidogo, huyaosha, huyaanika, huyapeleka mashineni, halafu husonga ugali akiamini moto utamaliza kazi. Hapa ndipo maisha ya watu yanapotea, na ni lazima lisemwe bila kuzungukazunguka. Aflatoksini huanza kuvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 230 za Selsiasi, na maji ya ugali huchemka kwenye nyuzi 100. Kuvu itakufa sufuriani, lakini sumu iliyokwisha kutemwa itabaki ndani ya chakula. Haina harufu wala ladha ya kumshtua mlaji, na punje inayoonekana safi inaweza kuwa nayo.

Ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya mwili hujaribu kuiondoa, na katika kufanya hivyo huigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachonata kwenye vinasaba vya seli. Kwa dozi kubwa ini hufa kwa siku chache, kama ilivyotokea Dodoma. Kwa dozi ndogo za kila siku, miaka inapita, na saratani ya ini inajengeka taratibu. Mtu mwenye homa ya ini aina ya B anayekula sumukuvu huwa na hatari kubwa mno, ambayo tafiti zimeikadiria kufikia mara 30 ya mtu anayekula sumukuvu bila kuwa na homa hiyo. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini wanayopewa watoto wachanga kliniki ni kinga dhidi ya sehemu ya madhara ya mahindi mabovu pia, jambo ambalo wazazi wachache wameelezwa.

Na watoto ndio wanaonitia uchungu zaidi. Watafiti walipopima damu ya watoto wadogo wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro, waliwakuta zaidi ya wanane kati ya kumi na alama za sumu hii, hata kabla hawajatimiza mwaka mmoja na nusu. Uji wa lishe tunaowapa kwa nia njema huchanganya mahindi na karanga, mazao mawili yanayoshambuliwa kuliko mengi. Kama sumukuvu pekee inatosha kumdumaza mtoto, wanasayansi bado wanabishana. Kwamba haifai kuwa tumboni mwake, hawabishani.

Kwa nini kuvu itumie nguvu kutengeneza sumu kali hivi? Haitulengi sisi. Jibu linatafutwa na wanabiolojia wa mageuzi, na mojawapo ya majaribio ya Chuo Kikuu cha Cornell, yaliyochapishwa mwaka 2017, liliweka kuvu pamoja na mabuu ya nzi. Palipokuwa na sumu, mabuu yalidhoofika na kuvu ikastawi. Inaelekea sumu ni silaha ya kugombea chakula na wadudu na kujikinga wasiile. Lakini silaha ina gharama, na ndiyo maana katika shamba moja hukutwa koo za kuvu zenye sumu na nyingine ambazo, kwa mabadiliko ya vinasaba, zimepoteza uwezo wa kuitengeneza. Kule Makueni na Kitui, watafiti walikuta ukoo mmoja mkali sana umetawala mahindi ya 2004. Ukali wa msiba ule ulichangiwa na aina ya kuvu iliyokuwapo, pamoja na unyevu wa maghala.

Kuwapo kwa koo zisizo na sumu ndiko kulikofungua mlango. Peter Cotty nchini Marekani, na baadaye Ranajit Bandyopadhyay na wenzake wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA barani Afrika, waliokota koo hizo kutoka mashamba ya nchi husika, wakazipaka kwenye punje za mtama zilizouawa kwa joto zisiote. Bidhaa hiyo ni Aflasafe, na Kenya na Tanzania kila moja ina aina yake iliyosajiliwa. Mkulima hunyunyiza kilo 10 kwa hekta, wiki mbili tatu kabla mahindi hayajachanua. Kuvu salama inawahi nafasi, ile yenye sumu inakosa pa kukaa, na sumukuvu hupungua kwa asilimia 80 na zaidi. Wapo wanaouliza kama koo hizi zinaweza kuchanganya vinasaba na jamaa zao wenye sumu. Swali ni la haki, kwa kuwa tangu 2009 inajulikana kwamba kuvu hii inaweza kujamiiana. Kwa hiyo hupendelewa koo zilizopoteza jeni zenyewe, na mashamba yanapaswa kuendelea kupimwa.

Baada ya kuvuna, kazi ni ya kukausha. Anika juu ya turubai, kamwe si kwenye udongo mtupu. Kupima ukavu, chukua chupa kavu ya kioo, tia punje na chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Pembua punje zilizovunjika, zilizotobolewa au kubadilika rangi, maana humo ndimo sumu nyingi hukaa. Kukoboa pia husaidia, kwa hiyo mahindi yenye mashaka yasigeuzwe dona. Pumba zake nazo zisipewe ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mpakani hadi zuio lilipolegezwa kwa masharti. Siku zile kila mtu alizungumzia sumukuvu. Lakini mnunuzi wa kawaida sokoni bado analipa bei ile ile kwa gunia lililopimwa na lisilopimwa, na mkulima aliyegharamia Aflasafe, turubai na mifuko isiyopitisha hewa anarudi nyumbani na fedha sawa na za jirani yake asiyefanya lolote. Mpaka wenye mashine za unga, shule na majeshi wanaonunua kwa tani waanze kulipa zaidi kwa mahindi safi, tutaendelea kumbebesha gharama hiyo mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote.