Brigedi Iliyoruhusiwa Kushambulia

Tarehe 20 Novemba 2012, waasi wa M23 waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwamo mjini, wakiwa na magari ya deraya na jukumu la kuwalinda raia, lakini hawakuwazuia. Maelezo yao yalikuwa kwamba walitumwa kulisaidia jeshi la serikali, na jeshi hilo lilikuwa limeshakimbia.

Kilichotokea miezi minne baadaye hakikuwahi kuonekana katika historia ya ulinzi wa amani. Tarehe 28 Machi 2013, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 2098 na kuunda, ndani ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, brigedi yenye ruhusa ya kuyafuata makundi yenye silaha yaliko na kuyasambaratisha. Wanaovaa kofia za bluu walizoea kufyatua risasi kwa kujihami au kumkinga raia. Hawa waliruhusiwa kuanza wao. Baraza lenyewe liliingiwa na wasiwasi, likaandika katika azimio hilo hilo kwamba hatua hiyo ni ya kipekee na isichukuliwe kuwa mfano kwingineko.

Umoja wa Mataifa hauna jeshi. Mkataba wake wa mwaka 1945 ulitazamia nchi wanachama zitie saini makubaliano ya kuweka majeshi chini ya Baraza, lakini hadi leo hayajatiwa saini. Kwa hiyo kila ujumbe huanzia mezani New York, ambako wanachama 15 hupiga kura. Zinahitajika kura tisa, na asiwepo hata mmoja wa wale watano wa kudumu, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, anayetumia kura ya turufu. Ndipo Umoja huo huanza kuomba askari kwa nchi moja baada ya nyingine.

Safari hii walioitika ni Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Hakuna hata moja kati yao iliyokuwa na kiti katika Baraza mwaka huo. Rwanda, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliituhumu kuwasaidia M23 na yenyewe ikakanusha, ilikuwa nacho, na iliunga mkono azimio hilo.

Brigedi hiyo, iliyopangiwa askari 3,069, iliongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Agosti 2013 ilipigana bega kwa bega na jeshi la Kongo kwenye vilima vya Kibati, kaskazini mwa Goma. Tarehe 5 Novemba M23 wakatangaza kuachana na uasi.

Ushindi ule umesimuliwa sana kama kazi ya mizinga na helikopta. Mizinga ilifanya kazi yake, lakini simulizi hilo linaacha nusu ya habari. Februari mwaka huo huo nchi 11 zilikuwa zimesaini mkataba wa amani mjini Addis Ababa. Wafadhili kadhaa, Uingereza na Uholanzi wakiwemo, walikuwa wamezuia misaada yao kwa Rwanda, na Marekani ikasitisha msaada wa kijeshi. Waasi walipobanwa mstari wa mbele, mlango wa nyuma nao ulikuwa umefungwa.

Gharama ililipwa na askari. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki katika eneo la Beni ilivamiwa na watu walioaminika kuwa wapiganaji wa kundi la waasi la ADF. Mapigano yalidumu saa nyingi, na Watanzania 15 wakapoteza maisha. Katibu Mkuu António Guterres alilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika miaka ya karibuni. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulibaini jambo linalouma zaidi: hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea msaada wala kuwatoa, na ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia vilipungua. Azimio kali lilikuwapo, lakini vifaa vya kulitekeleza vilikuwa haba.

M23 walirudi vitani mwishoni mwa 2021, na safari hii majeshi yalipokezana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilituma kikosi mwaka 2022, lakini serikali ya Kongo mjini Kinshasa ilitaka kikosi hicho kipigane, wakati wengine waliona kazi yake ni kusimamia usitishaji mapigano. Mwaka mmoja baadaye kiliondoka. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ikaingia Desemba 2023, kwa nchi zile zile tatu: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Shinikizo dhidi ya Rwanda kama lile la mwaka 2012 na 2013 halikuandamana nao. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka tena, na mji wa Bukavu ukafuata Februari.

Baada ya hapo ndipo lugha ilipobadilika New York. Azimio namba 2773 la tarehe 21 Februari 2025, lililopita bila kupingwa, liliitaja Rwanda kwa jina na kuitaka iondoe majeshi yake Kongo. Wiki tatu baadaye, wakuu wa SADC walikatisha kazi ya kikosi chao. Askari wake walikuwa bado ndani ya kambi zao, katika eneo ambalo sasa lilishikiliwa na M23.