Shoka, mpini na mguu wa mama

Mwezi uliopita tulishuka Moba-Port kutembelea wamama wanaokausha samaki kwa moshi. Mmoja wao hakusimama kutusalimia. Alikuwa amekaa, mguu umefungwa kitambaa. Alikuwa amekanyaga kuni ili isizunguke, akapiga, shoka ikateleza. Ni wakati wa kutayarisha mashamba, kabla ya mvua, na yeye sasa anaomba wengine wamlimie. Tulipouliza wenzake, kumbe wengi wako na alama yao: kwenye muundi, kwenye kidole. Ndiyo maana leo tunaandika juu ya shoka, kitu ambacho kila mtu anafikiri anakijua.

Huku kwetu kuna mashoka ya namna mbili. Ile ya mhunzi wa kijiji, mara nyingi inafuliwa kutoka resori ya gari. Mkia wake umechomekwa ndani ya kichwa cha mpini. Kwa kukata mti ni nzuri sana. Kwa kupasua, inazama na kukwama, kwani ni nyembamba, tena kila pigo linasukuma ule mkia nyuma mpaka siku moja kichwa cha mpini kinapasuka. Ile ya dukani iko na tundu, na mashavu yake ni manene, kwa hiyo inafungua kuni. Hatari yake ni moja: mpini ukilegea, chuma kinaruka.

Na hapo watu wengi wanatumbukiza shoka ndani ya maji usiku kucha. Asubuhi mti umevimba, chuma kimekaza, kila mtu anafurahi. Saa sita jua limeukausha na umelegea kuliko jana. Tuseme wazi: hiyo dawa inadanganya. Toa mpini, uchonge upya, ukaze na kabari ya mti mgumu uliokauka.

Mpini wenyewe utoke kwenye mti wa nyuzi zilizonyooka, bila kifundo, uliokaushwa kivulini. Kwa kupima urefu, shika chuma kwenye kiganja na unyooshe mkono: mwisho wa mpini ufike karibu na kwapa. Tuliona wamama wengi wanapasua kwa shoka ya bwana, ndefu na nzito. Shoka kama hiyo inamchosha mtu haraka, na aliyechoka anakosea.

Shoka butu nayo inadunda na kukimbilia mguu. Inoe kwa tupa, ikate vizuri. Si lazima iwe kama wembe.

Usipasulie kuni chini wala usiikanyage. Tafuta gogo pana, lifike karibu na goti, likae sawa. Kuni iwekwe upande wa mbali wa gogo, ili ukikosa, shoka iingie ndani ya gogo. Miguu iachane, hakuna ulio mbele, na chuma kinaposhuka piga magoti kidogo. Kuni ndogo zisizosimama, zifunge pamoja ndani ya tairi ya pikipiki iliyoisha. Zinasimama zenyewe, hakuna mkono wa kuzishika. Watoto wakae mbali, hasa nyuma yako, kwani ndiko usikoona.

Mikalitusi ipasue ingali mibichi, halafu uianike. Ikikauka inakuwa vita. Kuni yenye kifundo iachie kabari ya chuma na nyundo kubwa. Usipige kisogo cha shoka kwa shoka nyingine: kipande cha chuma kinaweza kuruka na kuingia jichoni. Kabari ambayo kichwa chake kimefumuka kama uyoga, ipige tupa kwanza.

Ukijikata, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, na uinue mguu. Hapana majivu, hapana udongo, hapana petroli. Vijidudu vya pepopunda vinaishi ndani ya udongo na kinyesi cha wanyama. Nenda kituo cha afya siku ileile na uulize sindano ya pepopunda, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Wamama wa Moba-Port walipiga hesabu mbele yetu. Badala ya kila mmoja kuwa na shoka yake mbovu, watachanga wanunue moja nzuri, kabari moja na tupa, vikae nyumbani kwa mwekahazina. Tulipopanda kurudi Kirungu walikuwa wangali wanabishana nani atakuwa anainoa.