Chakula cha Kuku Kipimwe kwa Mizani, si kwa Debe

Magari ya mizigo yapitayo barabara ya Morogoro hupandishwa mizanini Vigwaza. Lakini wewe, ndugu msomaji uliye na banda la kuku uani, iwe ni Vigwaza kwenyewe, Mlandizi au Kimara, chakula unachokichanganya wakipima kwa nini? Wengi wetu hupima kwa debe, na debe la pumba na debe la mahindi hayalingani uzito hata kidogo. Mayai yakipungua, na pamoja nayo fedha za daftari na nauli za watoto, lawama huwaangukia kuku!

Kuku wa mayai huhitaji chakula chenye protini kiasi cha asilimia 16. Pumba za mahindi zina kama 10, mashudu ya alizeti 25, dagaa wakavu 55. Changanya kwanza mafungu mawili ya mashudu na moja la dagaa, utapata 35. Sasa shika kalamu. Toa 10 katika 16, yabaki 6: hayo ni mafungu ya mchanganyiko huo. Toa 16 katika 35, yabaki 19: hayo ni ya pumba. Jumla ni 25. Basi katika kilo 100, pumba ni 76, mashudu 16 na dagaa 8. Hesabu hii huitwa mraba wa Pearson, na mtoto wa darasa la tano aweza kukusaidia.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Kuku atagaye huhitaji pia chokaa ya mifugo kwa ajili ya ganda la yai, yapata kilo 8 katika kila 100. Chokaa haina protini. Ukiiongeza juu ya kilo zako 100, ile 16 hushuka chini ya 15. Ihesabu tangu mwanzo: pumba 65, mashudu 18, dagaa 9, chokaa 8. Baadhi ya pumba zaweza kuwa mahindi yaliyoparazwa, yenye nguvu zaidi. Vitamini za dukani zisisahauliwe.

Dagaa nao wana hila zao. Walioanikwa chini huzolewa pamoja na mchanga, nawe waununua kwa bei ya samaki. Tia konzi moja katika bakuli la maji, ukoroge, mchanga utazama. Ukiwa sehemu moja ya tano, ile 55 imekwisha kuwa 44. Usifidie kwa kuongeza dagaa ovyo, kwani wakizidi, mayai hunuka samaki. Mwenye kuku wengi na apeleke kifuko cha chakula chake Maabara ya Veterinari, Temeke, kikapimwe.